Kila Mtu na Mtu Wake

Jumatatu ya wiki ile nilijifungia chooni kazini dakika ishirini nzima, na wala sikuwa naumwa tumbo. Nilikuwa nasoma barua pepe. Foleni ya nyumba za kupanga, ambayo nilijiandikisha nikiwa bado mwanafunzi kisha nikaisahau kama watu wanavyosahau kadi ya maktaba, ilikuwa imenifikia. Chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu, Jakobsberg, dakika sita kwa miguu kutoka kituo cha treni. Mkataba wenye jina langu mwenyewe, si ule wa kupangishwa na mtu aliyepangishwa na mtu. Nijibu ndiyo au hapana kabla ya Alhamisi saa sita mchana, la sivyo anapewa anayefuata.

Nilifurahi. Nataka hilo lijulikane kabla sijaanza kujitetea. Kabla ya hofu, kabla ya aibu, nilifurahi mpaka nikajiziba mdomo kwa kiganja, maana nje nilisikia viatu vya bosi wangu, Josefin, vikipita. Kisha nikamkumbuka Norbert, na furaha ikaishia palepale.

Norbert ni mpenzi wangu. Nasema mapema ili usipoteze muda kubahatisha, kama wanavyopoteza shangazi zake wa kanisani. Wao wanatuita "wale ndugu" mwaka wa saba sasa, wala hawajiulizi imekuwaje ndugu mmoja, mimi, akawa Msukuma wa Mwanza na mwingine Mshi wa Bukavu. Mimi ni Mashauri, nina miaka thelathini na mitatu, natengeneza meno ya bandia katika maabara ndogo mjini, huku ughaibuni. Yeye ana thelathini na minne, anapika chakula cha watoto wa shule. Tulikuwa tunaishi Hagsätra, mwisho kabisa wa reli, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake.

Nikisema tulikuwa tunaishi pamoja sijasema kitu. Treni yangu ilikuwa inafika Hagsätra saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni, na Norbert alikuwa amesimama jukwaani. Kila siku ya kazi, mvua inyeshe, theluji ianguke. Treni hiyo ikinipita, simu inaita kabla ya ile inayofuata kuja. Katika simu zetu kulikuwa na ramani, yeye kidoti cha bluu, mimi chekundu, na usinionee huruma haraka, maana mimi ndiye niliyekuwa nakichungulia kidoti cha bluu kati ya jino na jino. Marafiki zake walichoka kutualika na kufutiwa dakika za mwisho. Mimi sikwenda Mwanza kwenye harusi ya mdogo wangu wa mwisho, kwa sababu wiki tatu niliziona ndefu mno.

Haikuanza kwa ujinga. Mama yake alifariki mwezi wa Novemba, na Norbert akaacha kula, kisha akaacha kusema. Tulikuwa tumefahamiana miezi minne tu. Nilikwenda na sufuria ya wali na begi la nguo za wiki mbili, na zile wiki mbili hazikuisha. Kuna siku nilibeba visu vyote vya jikoni kwenye mkoba nikaenda navyo kazini. Daktari akampa dawa, mimi nikanunua kile kijisanduku chenye vyumba saba vya siku za wiki, nikawa nakijaza kila Jumapili na kukiweka kando ya kikombe chake kila asubuhi. Nilikuwa mwaminifu kwa kijisanduku hicho kuliko kwa sala.

Halafu mwaka wa pili akaenda mji mwingine, Norrköping, kwa binamu yake bila kuniambia. Siku moja na nusu, simu imezima. Nikapigia polisi simu, nikapigia hospitali zote ninazozijua. Aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni kwenye korido, nimevaa koti lake, sauti imenikauka. Alipiga magoti akaapa kwamba haitatokea tena. Ramani ya kwenye simu tuliiweka kesho yake.

Sasa nieleze ile kazi yetu ya pili, ambayo dada yangu Getrude anaiita ugonjwa wetu wa pili. Tunachora katuni, manga hasa, kwa mtindo wa Kijapani, zile zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, za wanaume wanaopendana. Zetu si zile tamu za kushikana mikono chini ya maua. Zetu ni nzito, zina damu. Inaitwa "Mnyororo wa Theluji", na tuliipandisha mtandaoni kila baada ya wiki mbili kwa miaka mitano. Ludovic ni daktari wa upasuaji, tajiri, ana nyumba kisiwani. Zabroni ni mwalimu wa piano anayekwenda kufundisha siku moja akafungiwa humo. Norbert alisema Zabroni ni jina la mzee wa kanisa, nikamwambia ndiyo maana. Kadiri sura zinavyokwenda hujui tena nani amemfunga nani, kwa sababu katika sura ya kumi na mbili Zabroni anaupata ufunguo, na badala ya kukimbia anauficha chini ya ulimi wake. Wasomaji kutoka Brazili mpaka Ufini walilia. Mmoja alijichora ufunguo huo mkononi, tatuu ya kweli.

Tulikuwa na sheria moja: kila mtu na mtu wake. Ludovic ni wa Norbert, Zabroni ni wangu. Sijawahi kumchora Ludovic hata kidole, wala kumwandikia hata neno. Mimi namchora Zabroni, nampa maneno yake, naacha nafasi nyeupe ya Ludovic pamoja na kiputo kitupu cha maneno, kisha natuma ukurasa kwenye kishikwambi chake. Norbert anajaza, anarudisha. Haya yote tunafanya tumekaa meza moja, magoti yanagusana, na hatusemi. Hatukuwahi kupanga hadithi kwa mdomo hata mara moja, na tuliona fahari kubwa kwa hilo. Tuliamini kwamba wengine wanaongea tu, sisi tunaelewana.

Kwa hiyo moyo wa Norbert niliusoma humo. Wiki niliyochelewa kazini siku tatu mfululizo, Ludovic alivunja sahani zote za nyumba. Nilipotaja kwamba Getrude ananitaka nikalale kwake Krismasi, Ludovic alimwambia Zabroni: "Ukitoka kwenye mlango huu usihangaike kurudi. Hutanikuta hai." Nikasoma, nikampigia dada yangu nikamwambia nina mafua.

Sasa nichukue nyumba ya chumba kimoja Jakobsberg, upande wa pili kabisa wa mji? Nilijua nitakachokuta.

Jumanne nilikwenda Rissne kwa Getrude. Ramani haidanganyiki, kwa hiyo nilimwambia Norbert ukweli kuhusu ninakokwenda, nikamdanganya kuhusu sababu. Getrude ni muuguzi, amenitangulia miaka sita kuzaliwa na hajawahi kuacha kunikumbusha. Nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Chukua," akasema kabla sijamaliza.

"Dada, nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza miaka saba. Chukua nyumba."

"Atakufa."

Akaweka kisu chini. Getrude halichezei neno hilo, analiona kazini. "Amekwambia hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Sura ya arobaini na moja."

Nilidhani atacheka, lakini hakucheka, na hilo likaniuma zaidi.

"Mashauri. Mtu mzima wewe, unalala naye kitanda kimoja. Ukitaka kujua hali yake unaenda kusoma katuni?"

"Huelewi. Ndivyo tunavyoongea."

"Huyo daktari wenu si alimkata mtu sikio mwaka juzi? Mbona huogopi Norbert atakukata sikio?"

Sikio lile nililiona ni hadithi. Kifo nikakiona ni barua aliyoniandikia mimi. Nilichagua mwenyewe lipi la kuamini, na sikuwahi kujiuliza nachagua kwa kipimo gani.

Mwanawe, Tiana, akaingia kutafuta maji ya matunda. Alinitazama usoni, akamuuliza mama yake kwa Kiswidi kwa nini nina huzuni, "Varför är morbror ledsen?"

"Mjomba hana huzuni," Getrude akamjibu. "Mjomba hana akili. Msalimie."

Nilipokuwa navaa viatu akanifuata mlangoni. "Muulize leo. Kwa mdomo. Hayo makalamu yenu yaache mezani."

Jumatano nikatumia kalamu.

Najua, lakini miaka mitano ya mazoea haifutwi na kusemwa na dada. Nilimchora Zabroni mlangoni, amevaa viatu, kibegi kidogo begani, mkono uko kwenye kitasa. Mkono ule ulinichukua saa mbili. Kila nilipoupitishia wino ulitoka unatetemeka, mwishoni nikauacha utetemeke. Sikumpa Zabroni neno lolote. Nikatuma.

Norbert alikuwa ng'ambo ya meza. Nilimwona anaufungua ukurasa, akautazama, akajisugua pua. Uso wake haukubadilika. Akachukua kalamu yake, mimi nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeitaka.

Ukurasa uliporudi, Ludovic alikuwa sakafuni. Amekishika kifundo cha mguu cha Zabroni kwa mikono miwili, kiganja kimoja kimechanika, damu nyeusi imejaa nusu ya ukurasa. Kwenye kiputo aliandika: "Nenda. Ila nizike kwanza."

"Ni nzuri," nikasema.

"Yako pia iko muzuri," akajibu, na tukala.

Basi nikajua la kufanya. Ningekataa nyumba. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa hovyo kuliko ninavyoonekana, usiku kucha nilijiliwaza kwa kuwaza jinsi Norbert atakavyonishukuru. Nilitaka ajue nilichoacha kwa ajili yake. Nilitaka machozi kidogo.

Alhamisi shule zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko ya vuli, kwa hiyo Norbert alikuwa nyumbani. Mimi nilipiga simu kazini nikasema naumwa. Zamu yetu ya chumba cha kufulia, kule chini kwenye ghorofa ya ardhini, ilikuwa kuanzia saa mbili, na saa tano tukapandisha kapu la nguo. Tukaanza kukunja mashuka, yeye ncha zake, mimi ncha zangu, tunasogeleana na kurudi nyuma. Simu yangu ilikuwa mezani, ukurasa wa foleni ya nyumba uko wazi, vitufe viwili tu: kukubali na kukataa.

"Nimepewa nyumba Jakobsberg," nikasema katikati ya shuka la tatu. "Kwa foleni. Naikataa, usiwe na wasiwasi."

Norbert akaziachia ncha zake. Shuka likaanguka chini.

"Uko unasema nini?"

"Nimesema naikataa."

"Unaikataa ju ya nini?"

"Ju yako, Norbert! Kwa sababu ya nini kingine?"

"Nani alikutuma?" Sauti ilipanda, na Norbert huwa hapandishi sauti. "Mi nilikuambia ukatae nyumba? Siku gani?"

Hapo na mimi nikapandwa. Nilikuja na sadaka yangu mkononi, na mtu ananiuliza nani amenituma. "Jana! Jana hapa mezani umeniambia nikuzike kwanza!"

"Mi? Ni Ludovic njo alisema!"

"Na Ludovic si ndiye wewe?"

"Ludovic ni chirurgien, Mashauri! Mimi ninapikia batoto viazi!"

Tukasimama tunatazamana, shuka katikati. Yeye ndiye aliyeshusha sauti kwanza.

"Nilimuandikia vile ju yako weye," akasema. "Uliniletea Zabroni, mukono inatetemeka. Nikafikiri, bon, Mashauri anaogopa. Anaogopa nitamuacha aende. Anataka nimushike. Basi nikamushika."

"Nilikuwa nakuaga."

"Sasa ungesema!"

"Na wewe ungeuliza!"

Akakaa kitandani. Mimi nikakaa kwenye kapu, likalalamika chini yangu. Kichwa changu kilikuwa kinarudi nyuma, sura baada ya sura. Zabroni aliyesema "usiniache peke yangu na mikono hii" katika sura ya thelathini, mimi nilimwandikia hivyo kwa sababu niliamini Norbert anahitaji kusikia kwamba anahitajika. Yeye alisoma akaamini ni mimi ninayelia. Akamzidishia Ludovic minyororo ili nitulie. Mimi nikaona minyororo, nikaogopa kuondoka, Zabroni akazidi kung'ang'ania. Miaka mitano tulikuwa tunajibizana hofu ambazo hakuna aliyekuwa nazo, au aliyekuwa nazo tena.

"Na kule stesheni?" nikauliza. "Kila siku unasimama unanisubiri. Hiyo nayo ni Ludovic?"

"Ile ni ju ya Norrköping." Alitazama mikono yake. "Nilikukuta pa chini, umevaa koti yangu, hauna sauti. Nikasema, huyu mutu asinikose tena hata dakika moja. Baridi inanikamata pale, nasema, simama tu, Norbert, Mashauri akifika asipokuona atakufa."

"Mimi nilidhani ukinikosa wewe ndiye utakayekufa."

"Zamani, ndiyo," akasema. "Ule mwaka wa kwanza, kama haungekuja na ile wali yako, singekuwa hapa. Hiyo siwezi kuikataa hata siku moja."

"Na sasa?"

Aliinama akaokota ncha ya shuka, akaanza kuikunja peke yake, vibaya.

"Dawa zilikwisha," akasema.

"Zimekwisha lini? Si nimekupangia Jumapili?"

"Zilikwisha mwaka uliopita, mwezi wa tatu. Daktari alizipunguza pole pole mupaka akasema imetosha. Ile unapanga kila Jumapili ni vitamini D. Niliziweka ndani ya chupa ya zamani."

Nilinyanyuka. Nilikasirika jinsi sijawahi kukasirika tangu nije nchi hii, na nimekaa ofisini kwa watu wa vibali vya ukaazi mara sita. Nilimrushia foronya, nikamrushia ya pili, foronya hazirushiki vizuri, nikarusha kapu.

"Mwaka na nusu! Mwaka na nusu nakuhesabia vitamini! Naamka mapema! Nilikataa kwenda Mwanza!"

"Ulikuwa unafanya na roho yote!" Naye alikuwa amesimama, macho yamejaa. "Unaiweka pale karibu na kikombe, unaniangalia mupaka nimeze, unafurahi. Ningekuambia nini? Nimepona, sasa hauna kazi?" Akajifuta uso kwa shuka letu safi. "Nimepona, Mashauri. Sikujua vile ya kukuambia."

Niseme jambo lisilopendeza. Kilichoniuma kwanza si uongo wake. Kilichoniuma ni kwamba hanihitaji. Kwa dakika moja nzima nilitamani awe mgonjwa, nilisimama pale katikati ya foronya nikatamani hivyo, juu ya mtu ninayempenda kuliko wote duniani. Nililiona wazi tamanio langu, nikalionea aibu. Nadhani ndipo nilipojua kwamba dada yangu alisema kweli kuhusu ugonjwa, ila hakusema nani hasa anaumwa.

Baada ya hapo ndipo unafuu ulipokuja. Ilikuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani safari nzima, shingo imekaza, hageuki kushoto wala kulia asije akamwaga, halafu anaambiwa ndoo haina maji. Nikaketi sakafuni nikacheka. Nikacheka mpaka kwikwi ikanishika.

"Na weye?" Norbert akauliza. Hakuwa anacheka bado. "Weye bila mimi, utakuwaje?"

"Sijui. Nataka kujua."

"Mi pia," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, kama anaungama: "Nimechoka kusimama pale stesheni. Miguu inaniuma kweli, quand même."

Hapo naye akacheka, na tulipotulia akakumbuka. "Iko saa ngapi?"

"Saa sita kasoro kumi."

"Na uko unakaa?" Akanitupia simu kifuani. "Bonyeza, wee! Foleni ya miaka kumi, unakaa pa chini kama uko piknik!"

Akageuka dirishani makusudi, ili niamue mimi peke yangu. Nikabonyeza kitufe cha kukubali. Simu ikanishukuru kwa jibu langu. Norbert akasikia mlio, akashusha pumzi ndefu mpaka kioo kikafanya ukungu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikamuuliza kama anahuzunika.

"Hapana. Niko na furaha," akasema. "Na kidogo ingine pia. Lakini zaidi furaha."

Akajilaza juu ya yale mashuka yasiyokunjwa, saa sita mchana, akalala mpaka giza likaingia. Nilikaa karibu yake muda mfupi, kisha nikaenda kusoma kitabu chumba kingine, na nikakisoma kweli.

Hatujaachana. Getrude aliuliza hivyohivyo, nikamwambia hatujaachana, tumeachiana, akasema hayo ndiyo maneno ya watu wa katuni. "Mnyororo wa Theluji" tuliumaliza kwa sura tatu. Kwa mara ya kwanza tulipanga kwa mdomo na tukagombana kama watu wa kawaida, kuhusu taa, kuhusu paka, kuhusu kama Zabroni aage au asiage. Aliaga. Ludovic akabaki mlangoni kidogo, kisha akaenda kuosha damu sakafuni. Wasomaji walitukasirikia sana. Mmoja wa Brazili aliandika kwamba tumewaua wote wawili kwa kuwaacha wazima.

Nilihamia Jakobsberg mwanzoni mwa Desemba. Usiku wa kwanza niliamka mara nne. Wa pili mara moja.

Jumapili nilipika wali wa nazi na maharage. Nilikuwa nakoroga maharage niliposikia sauti nje ya mlango.

"Hodi!"

Nikasimama na mwiko hewani. Miaka saba mtu huyu hakuwahi kunipigia hodi, wala mimi sikuwahi kumpigia. Hodi utaipigaje kwa mtu ambaye hujawahi kutoka kwake? Sasa alikuwa ng'ambo ya mlango, koo lake analisafisha kama mgeni, anasubiri. Angeweza kuambiwa asubiri kidogo. Angeweza hata kuambiwa sipo.

"Hodi, wenye nyumba?"

"Karibu," nikasema, nikaweka mwiko, nikafungua mlango. "Karibu, Norbert. Karibu ndani."

Alikuja na mkate na maua ya dukani. Alivua viatu, akakagua chumba changu kimoja kwa adabu zote, akasifu dirisha. Tukala. Tukalala kidogo mchana. Saa kumi na moja jioni akasema anaenda, kesho kuna viazi vya watoto mia tatu, nikamwambia haya, nikamsindikiza mpaka mlangoni tu.

Nilifurahi alipokuja, nikafurahi alipoondoka, siku moja, mtu yuleyule. Sikujua kama inawezekana. Nikafunga mlango, nikarudi jikoni kula ukoko.